Habari za Maisha ya Mchungaji Bodelschwingh wa Bethel

Katika sharika zetu za Usambara na za Buhaya jina la Bethel si jina geni. Wazee walilisikia vinywani mwa wamisionari wa kwanza, na wengine walidhani ya kwamba ni Betheli ile ya Yakobo, pale alipolala akaota ngazi. Bethel hii ninayoitaja ni mahali katika Ujerumani, karibu na mji wa Bielefeld, penye nyumba nyingi za wagonjwa. Aliyepafanya kuwa mahali pa kujulikana duniani ni Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Wengi wamekwisha kusikia ya kwamba alijenga. Walio wachache wajua ya kwamba kabla ya kujenga alizika, tena alizika watoto wake wote. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza zaidi. Mengine nitayapita upesi.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 katika nchi ya Westfalen, upande wa magharibi wa Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Siku zile Westfalen ilikuwa chini ya mfalme wa Prussia. Baba yake, Ernst, alikuwa mtu mkubwa serikalini, akapandishwa cheo hata akawa waziri wa mfalme, na jamaa yote ikahamia Berlin. Huko mtoto Friedrich alikuwa mwenzi wa michezo wa mwana wa jamaa ya kifalme, Friedrich Wilhelm. Mwana huyo baadaye akawa Kaisari Friedrich wa Tatu, akatawala siku 99 tu katika mwaka 1888, akafa kwa ugonjwa wa koo. Naye pia alizika wana wawili wakiwa wadogo, mmoja mwaka 1866, mwingine mwaka 1879. Nayataja haya kwa sababu watu wa vijijini hudhani ya kwamba msiba hauijui njia ya kwenda kwa wakubwa.

Machafuko yalipotokea Berlin mwezi wa Machi 1848, baba akaacha uwaziri. Kijana hakutaka kazi ya serikali wala ya jeshi. Akajifunza ukulima, akapewa kusimamia shamba kubwa la Gramenz katika nchi ya Pommern. Humo aliwaona vibarua maskini, ulevi wao, na watoto wao wasio na mtu wa kuwaangalia. Akawa akiwagawia vijitabu vya kikristo. Siku moja ya Jumapili akasoma yeye mwenyewe kimoja cha vile vijitabu, hadithi ya mtoto maskini wa Kichina aliyemjua Mwokozi na kutamani jamaa zake wamjue pia. Moyo wake ukageuka. Akaona ya kwamba Bwana anamwita awe mmisionari kwa mataifa ya mbali, akaliacha shamba, akaenda Basel mwaka 1854 kujifunza elimu ya Mungu, akaendelea Erlangen na Berlin. Mwaka ule ule wa 1854 baba yake akafariki.

Lakini China hakufika, wala Afrika hakufika maisha yake yote. Mwaka 1858 alipelekwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, kuwachunga Wajerumani maskini waliokwenda huko kutafuta riziki. Walikuwa wafagia barabara na waokota matambara, watu wa nchi ya Hessen kwa wingi. Walitoka na mafagio yao wenye mji wakali wamelala, na watoto wao walizurura mitaani bila shule. Mchungaji kijana akaanza kuwakusanya watoto wachache na kuwafundisha, kisha akajenga shule na kanisa dogo juu ya kilima katika mtaa wa La Villette. Mwana wa waziri akaishi kama waishivyo wafagiaji. Alidumu huko miaka sita.

Mwaka 1861 alimwoa Ida, binti wa ndugu ya baba yake. Kwa makabila yetu mengi ya bara binti huyo angaliitwa dada, asingaliolewa, kwao iliruhusiwa. Bibi Ida alikuwa mtu wa moyo mwema na imani, lakini baada ya kuzaa mtoto wa kwanza akashikwa na huzuni nzito, ile isiyo na sababu ya kuonekana, inayomfanya mtu asione nuru hata mchana. Wanawake wengi hupatwa na ugonjwa huo baada ya kujifungua, nasi mara nyingi huwalaumu, au twasema wamerogwa, au twasema imani yao imepungua. Bodelschwingh hakusema hivyo. Aliona ya kwamba mkewe ni mgonjwa, na ya kwamba mji ule wenye kelele na taabu haumfai. Mwaka 1864 wakarudi kwao, naye akawa mchungaji katika kijiji cha Dellwig, penye mashamba na hewa nzuri. Bibi akapata nafuu. Watoto wakaongezeka, wakawa wanne: Ernst, Elisabeth, Friedrich na Karl. Baba alikuwa akihubiri, akizunguka kwa wagonjwa, tena akitengeneza gazeti la kikristo kwa watu wa nchi ile. Mwaka 1866, vita vilipotokea, alikwenda pamoja na askari kama mchungaji wao, akarudi salama.

Hata mwezi wa Januari 1869 ugonjwa ukaingia nyumbani. Ulikuwa ugonjwa ule wa watoto wa kukohoa hata pumzi ikakatika, ukashuka kifuani. Siku zile haukuwa na dawa wala chanjo. Mmoja akafa. Kabla ya machozi kukauka akafa mwingine, na wa tatu, na wa nne. Katika muda wa majuma mawili wote wanne walikuwa makaburini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametimiza miaka saba. Nyumba iliyojaa sauti za watoto wakati wa Noeli ilikuwa kimya kabla ya mwisho wa Januari.

Yafaa tusimame hapa kidogo, kwa maana waandishi wengine hupita haraka mahali hapa ili wafike kwenye Bethel na sifa zake. Msomaji aliyemzika mtoto mmoja ajua ya kwamba majuma mawili si safari fupi. Huyu mtu alikuwa mchungaji. Alikuwa amesimama mara nyingi penye makaburi ya watoto wa wengine, amesoma maneno ya ufufuo, ameshika mikono ya akina baba. Sasa maneno yale yale ilimpasa ayasikie yeye. Na mkewe ndiye yule aliyekwisha kuonja giza la moyo. Ni nani asingaliogopa ya kwamba safari hii bibi hatainuka tena?

Tena tujiulize, sisi waalimu tuitwao kwenda matangani, sisi twasema nini? Mara nyingi tuna jibu tayari kabla hatujavuka kizingiti. Twasema Mungu amependa, basi. Au twamwambia mama asilie, kwa kuwa Mkristo halii. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba, walipoketi chini pamoja naye wasiseme neno. Walianza kukosea walipofungua vinywa. Bodelschwingh hakujifanya ya kuwa hakuumizwa. Miaka mingi baadaye alishuhudia ya kwamba siku zile ndipo alipojua jinsi mkono wa Mungu uwezavyo kuwa mzito juu ya mwanadamu, na ya kwamba ndipo alipojifunza kuwa na huruma kwa wengine. Mambo haya mawili aliyasema pamoja, wala hakuliondoa la kwanza ili la pili lipendeze zaidi.

Alifanya neno moja ambalo wengine wangaliona ni kujitonesha kidonda. Mwaka ule ule aliandika kijitabu cha maisha na kufa kwa watoto wake wanne. Aliandika habari za kila mmoja, tabia yake, michezo yake, maneno yake madogo, sala zake, na saa zake za mwisho. Kwanza alikusudia kiwe kwa jamaa na rafiki. Lakini kikachapwa na kuchapwa tena, kikaingia katika nyumba nyingi zilizokuwa na vitanda vitupu. Mimi naona ya kuwa hapo ndipo uponyaji ulipoanza. Hakuwasahau watoto wake wala hakuyafungia majina yao kimya. Aliwataja kama watu walio hai kwa Bwana wao, akawaruhusu wazazi wengine walie pamoja naye. Katika nchi zetu ziko desturi za kutolitaja tena jina la mtoto aliyekufa, na mama hubaki nalo peke yake, likimchoma ndani.

Mwaka ule ule wa 1869 Bibi Ida akazaa tena, mtoto wa kiume, Wilhelm. Baadaye wakafuata Gustav, Frieda, na Friedrich, mdogo wao. Kwa hiyo jina la mmoja aliyekufa likarudi nyumbani. Mtu asiseme ya kwamba hawa walijaza mahali pa wale, kama ilivyoandikwa kwamba Ayubu alipata wana wengine, na wasomaji wavivu hudhani hesabu imesawazishwa. Mtoto hawi badala ya mtoto. Makaburi manne ya Dellwig yalibaki manne.

Katika vita vya mwaka 1870 na 1871 alitumika tena miongoni mwa askari waliojeruhiwa na waliokuwa wakifa. Aliporudi akapata mwito. Karibu na Bielefeld Wakristo walikuwa wameanzisha mwaka 1867 makao madogo ya watu wenye kifafa, na mwaka 1869 nyumba ya masista wa kuuguza wagonjwa, iitwayo Sarepta. Wakatafuta mchungaji wa kuziongoza zote mbili. Bodelschwingh akakubali, na mwaka 1872 akahamia huko na mkewe na watoto wadogo. Makao ya wagonjwa yakaitwa Bethel, yaani nyumba ya Mungu. Anayekumbuka habari za mjane wa Sarepta, ambaye Eliya alimrudishia mwanawe akiwa hai, ataona ya kuwa majina haya hayakuwa matupu kwa baba yule.

Wasomaji wajua kifafa ni nini. Wajua jinsi watu wakimbiavyo mtu anapoanguka, jinsi wanavyoogopa povu lake, jinsi mgonjwa huachwa aungue motoni kwa kuwa hakuna athubutuye kumgusa. Ni uongo wote. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, hakiambukizi kwa povu wala kwa kugusa, na leo kuna dawa ziwezazo kuwazuilia wengi wasianguke. Kwa hiyo mgonjwa na apelekwe hospitali. Lakini tusidhani ya kwamba ujinga huo ni wetu peke yetu. Katika Ujerumani ya siku zile pia wenye kifafa walifichwa nyumbani, wakanyimwa shule na kazi, wakahesabiwa pamoja na wenye wazimu. Dawa iliyojulikana, chumvi ya bromidi, iliwasaidia wengine kiasi, isiwaponye.

Basi Bodelschwingh aliwekwa kuwa baba wa watu ambao wengi wao hawakuwa na tumaini la kupona. Hapa naona yale aliyojifunza Dellwig yakifanya kazi. Mtu aombaye kupona na asipone huwaudhi watu wa dini. Huona haya mbele yake, humkwepa, au humtafutia dhambi. Yeye aliyeomba kwa ajili ya watoto wanne, na wote wanne wakafa, hakuwa na sababu ya kumkwepa mgonjwa wa namna hiyo. Hakuwaahidi afya. Aliwapa kwanza nyumba, wakikaa kama jamaa chini ya baba na mama wa nyumba, si kama wafungwa katika jumba moja kubwa. Kisha akawapa kazi. Aliamini ya kuwa mtu asiye na kazi huona ya kwamba hatakiwi duniani. Kwa hiyo palikuwa na mashamba, bustani, karakana za maseremala na wahunzi, mahali pa kuoka mikate, na kila mmoja alifanya kadiri ya nguvu zake, hata kama ni kuchambua maharagwe. Tena akawapa kanisa. Kanisa la Zion lilifunguliwa mwaka 1884 juu ya kilima, katikati ya miti. Mgonjwa akianguka wakati wa ibada, mashemasi walimchukua taratibu, na ibada ikaendelea, wala hakuna aliyegeuka kumtazama.

Mashemasi hao walifundishwa katika nyumba iitwayo Nazareth, iliyoanzwa mwaka 1877. Fedha aliziomba bila kuchoka, kwa wakubwa na kwa watoto wa shule, hata wengine wakamwona kero. Mwaka 1890 akaanzisha kazi ya kukusanya mabaki, akikumbuka vile vikapu vya mikate baada ya Bwana kuwalisha watu elfu tano. Watu walipeleka Bethel viatu vilivyotoboka, nguo kuukuu, viti vilivyovunjika. Wagonjwa wakavitengeneza, vikauzwa. Vitu vilivyotupwa vikatengenezwa na watu waliotupwa. Hakuwa mtu asiye na kasoro. Alikuwa mkaidi, na alipenda mambo yaende kama alivyoyaona yeye. Aliiheshimu serikali ya kifalme kupita wengine wanavyoona inafaa. Mkewe ndiye aliyeweza kumtuliza.

Na huyu mkewe je? Nimeona habari za wake wa watu mashuhuri hupotea njiani. Bibi Ida aliishi miaka 25 baada ya msiba wa Dellwig, akalea watoto wanne wengine kati ya wagonjwa, akawa mama wa nyumba ile kubwa. Giza lake la moyo halikuondoka mara moja tu lisirudi kamwe, kama hadithi nyingine zinavyotaka tuamini. Lakini hakulazimishwa kujificha. Mume wake alijua kwa kukaa naye ya kwamba mtu aweza kumpenda Mungu na bado akawa mgonjwa wa huzuni, na nyumba za Bethel zikawapokea hata wagonjwa wa roho na akili. Bibi Ida alifariki mwezi wa Desemba 1894.

Yaliyofuata nayataja kwa ufupi. Tangu mwaka 1882 alikuwa amefungua makao ya Wilhelmsdorf kwa watu wasio na kazi waliotangatanga njiani, akiwapa kazi badala ya sadaka. Mwaka 1903, akiwa na miaka 72, akachaguliwa kuwa mjumbe katika baraza la Prussia, na mwaka 1907 ikapatikana sheria ya kuwasaidia watu wa namna hiyo. Mwaka 1905 aliona jinsi maskini wa Berlin walivyolala kwa mamia katika vyumba vikubwa vya usiku, akawafanyia makao ya Hoffnungstal nje ya mji, ambako kila mtu alipewa chumba chake kidogo chenye mlango wa kufunga. Wengine waliona ni anasa. Yeye aliona ya kuwa mtu hawezi kusali wala kulia vema asipokuwa na mahali pake.

Nasi tulipata fungu letu. Tangu mwaka 1890 alishiriki katika uongozi wa chama cha misioni kilichoanzishwa Berlin mwaka 1886 kwa ajili ya Afrika ya Mashariki. Chama hicho kikahamia Bethel mwaka 1906, kikaitwa Misioni ya Bethel. Mwaka 1891 Johanssen na Wohlrab walifika Mlalo katika Usambara. Mwaka 1896 yakafunguliwa huko Lutindi makao ya watoto waliookolewa katika utumwa, watoto waliokuwa wamepoteza wazazi kama vile yeye alivyopoteza watoto. Baadaye mashemasi wa Nazareth wakawapokea hapo wagonjwa wa akili, na hospitali ya Lutindi ipo hata leo. Mwanawe Gustav alikuja mwenyewe kuwa mmisionari katika nchi hii. Aliporudi Ujerumani alikumbuka jinsi watu wa huku wajengavyo kwa udongo, na baada ya vita vya kwanza vya dunia akawafundisha maskini wa kwao kujijengea nyumba za namna hiyo. Hivyo fundi wa kijiji cha Afrika alimfundisha mwana wa Bodelschwingh, jambo ambalo baba yake bila shaka angalilifurahia.

Mwaka 1907 wamisionari wa Bethel waliingia Rwanda. Mzee alizidi kudhoofika, lakini barua za Afrika alisomewa, na wagonjwa wa Bethel walitoa senti zao kwa ajili ya kazi hiyo. Alifariki tarehe 2 Aprili 1910, akiwa na miaka 79, katikati ya watu wake, akazikwa Bethel karibu na Bibi Ida. Kazi akaichukua mwanawe mdogo, Friedrich, yule aliyepewa jina la ndugu yake aliyelala Dellwig.